Mchezo Uliokuja kwa Redio

Mdogo wangu Boban alifariki akiwa na miaka sita, mchana kweupe, jikoni kwetu, amelala kwenye benchi kando ya jiko. Mimi na kaka yetu Rade tulikuwa humo humo ndani. Hakulia wala hakuita mtu. Tulikuwa tunamsifu kwa kutulia. Nalisema hili mwanzoni ili mama anayesoma asije akadhani mambo yatageuka huko mbele. Hayageuki. Nataka ajue tu tulifikaje pale, maana nyumba yetu haikuwa nyumba ya wazembe, na karibu kila tulichokifanya siku ile tulikifanya kwa kumpenda mtu.

Wanangu wakisikia kwamba sisi tulipata michezo ya kompyuta kwa redio wananicheka. "Kwa redio, mama? Mlikuwa mnacheza kwa masikio?" Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta yenyewe baba na Rade waliiunga kwa mikono yao, vipande vidogo vidogo ambavyo mjomba alivileta kutoka Ujerumani akiwa amevificha ndani ya buti ili maofisa wa mpakani wasivione. Baba aliitengenezea boksi la mbao. Vitufe vyake vilikuwa vigumu, ukivibonyeza vinalia kama mtu anavunja njugu. Ilifungwa kwenye televisheni yetu ndogo isiyo na rangi, na ukiizima ilisahau kila kitu, hata jina ulilolifundisha dakika ile ile. Kwa hiyo chochote ulichotaka iwe inakijua ulikiweka kwenye kaseti, kikiwa sauti. Ukiipigia kanda ile, kompyuta inasikiliza, inasikiliza, halafu mchezo unatokea kwenye kioo.

Sauti hiyo siwezi kuisahau. Ilikuwa kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, pamoja na nyigu waliofungiwa ndani ya kopo. Jirani yetu Desa, ambaye sisi watoto tulimwita shangazi, aliisikia mara ya kwanza akaja hadi kwenye uzio.

"Rade, mwanangu, mnachinja paka humo?"

"Tunaingiza mchezo, shangazi Desa."

"Mchezo gani huo? Mimi nimeng'olewa jino bila ganzi na sikulia hivyo."

Basi kwa kuwa mchezo ni sauti, redio nayo inaweza kuupiga. Kila Jumamosi mchana redio ya mji mkuu ilikuwa na kipindi cha vijana, muziki na mazungumzo, na mahali fulani katikati mtangazaji anasema, "Haya jamani, wekeni kanda," na wale nyigu wanaanza kulia kwenye redio za nchi nzima. Mwenye redio ya kisasa alichomeka waya kutoka redioni hadi kwenye kinasa sauti, akaenda zake kula. Sisi redio yetu ilikuwa ya babu, ya mbao, kubwa kama kabati, haina hata tundu la kuchomeka kitu. Rade alikuwa anaweka kipaza sauti mbele ya kile kitambaa cha redio na kunasa kila kilichopita hewani. Na kilichopita hewani kilikuwa pamoja na sisi. Kikohozi kimoja, kijiko kikigonga sahani, basi, mchezo umeharibika. Kompyuta ingeandika neno moja tu kwenye kioo, neno la Kiingereza ambalo Rade alituambia maana yake ni "nini?"

Mchezo aliokuwa akiutaka ulikuwa wa mtu mdogo aliyechorwa kwa vipande vya mraba anayetafuta funguo pangoni. Wenzake shuleni walikuwa nao. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwa ameiunga kompyuta kwa mikono yake, na bado alikuwa anakwenda kuucheza nyumbani kwa mtoto wa mwalimu, akisubiri zamu. Redioni waliurudia mara kadhaa majira yale ya baridi kwa sababu watu wengi waliukosa.

Mara ya kwanza, baba alikohoa.

"Baba, umeukohoa mchezo wote."

"Nimekohoa mara moja."

"Mara moja inatosha."

"Sasa nikafie nje?"

"Ungetoka tu barazani."

"Nyumba nimejenga mimi, kukohoa nikakohoe barazani," baba alisema, akamwangalia mama, na mama akageuza uso asicheke.

Mara ya pili alikuwa Boban. Sauti ile ilimtekenya. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili lakini kicheko kikapita puani, kikatoka kikubwa. Rade aliivua kofia akaipiga chini.

"Kompyuta imesema nini?" Boban aliuliza, machozi yanamtoka.

"Imesema 'nini?'"

"Si uiambie ni mimi nimecheka."

Kanda ile mama anayo. Ndiyo sauti pekee ya Boban tuliyobaki nayo, sekunde chache za kicheko katikati ya makelele. Sijawahi kuomba kuisikiliza.

Mara ya tatu hatukukohoa wala kucheka, na bado ikaandika "nini?" Rade alirudisha kanda, akatega sikio kwenye kinasa sauti mpaka akampata mwizi wake. Lilikuwa jiko. Kwetu jiko ni la chuma, la kupikia na kupashia nyumba, la kuni na makaa ya mawe, na lina bomba la moshi linalopanda hadi darini. Upepo ukivuma nje jiko linavuta na kunguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Tulikuwa tumelizoea hata hatulisikii tena. Kipaza sauti kililisikia.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu watu wa kwetu, maana bila hicho haieleweki. Sisi hatuogopi baridi. Tunaogopa upepo unaopita kati ya dirisha na mlango, ule tunaouita promaja. Shingo ikikaza, ni promaja. Jino likiuma, ni promaja. Mtu akifa ghafla akiwa kijana, kuna mtu atauliza alikuwa amekaa wapi. Nimeona kwenye basi la kiangazi, watu wanatiririka jasho, mmoja anafungua dirisha na watu wazima wanne wanamtukana. Mama yetu alikuwa hodari wa kazi na mwenye akili, lakini kwa jambo hili alikuwa kama wenzake wote. Na vuli ile Boban alikuwa ameumwa masikio vibaya, analia usiku anajipiga kichwa, hivyo mama alikuwa na sababu yake.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya theluji. Mama na baba walikuwa wanakwenda kwa kumu wetu, yule aliyetusimamia ubatizo, kuchinja nguruwe wa majira ya baridi. Kazi hiyo ni ya kutwa. Mama alikuwa ametuogesha asubuhi, na tulikuwa na nywele mbichi. Alisimama mlangoni amefunga kitambaa chake.

"Rade. Dirisha lisifunguliwe. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Huyu bado ana masikio mabovu. Promaja ikimpata nitakutafuta wewe."

"Mama, mimi mwenyewe sitaki kitu kifunguliwe leo."

"Supu iko juu ya jiko. Vida, umnyweshe mdogo wako." Vida ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Walipotoka tu Rade akaanza kazi. Mbwa akampeleka kwa shangazi Desa. Jokofu akalichomoa. Saa ya ukutani akaisimamisha kwa kidole. Dirishani akatundika blanketi nene la babu kuzuia sauti ya matrekta yanayopita barabarani, na chini ya mlango akasokota zulia akalibana kwa mguu. Alikuwa anafurahi, anapiga mluzi. Mwisho akageukia jiko. Akalijaza makaa ya mawe hadi juu ili tusilazimike kulifungua katikati ya kipindi, akafunga vilango vyake vyote, halafu akakishika kile kikono cha kwenye bomba, kinachopunguza moshi kupanda, akakizungusha mpaka kikagota.

Mngurumo ukafa.

"Sikilizeni," Rade alinong'ona.

Tukasikiliza. Hapakuwa na kitu. Nakumbuka tulivyoangaliana kwa fahari, kama watu waliomaliza kupaka nyumba rangi.

Makaa ya mawe yaliyozuiwa kupumua hayatoi moshi wa kukuwasha macho. Yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inakaa na wewe chumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Sisi hatukujua. Baba alijua, kama watu wazima wote, ndiyo maana hakuwahi kukizungusha kikono kile hadi mwisho, ila hakuwahi kutuambia kwa nini. Nani angewaza kwamba mtoto atataka kulinyamazisha jiko?

Rade akamketisha Boban kwenye benchi, mahali penye joto.

"Ukikaa kimya mpaka mwisho, wewe ndiye utakayecheza wa kwanza."

"Kabla ya Vida?"

"Hata kabla yangu."

"Nikibanwa mkojo?"

"Nenda sasa hivi."

Akaenda, akarudi mbio, theluji kwenye viatu.

"Na nikipiga chafya?"

"Meza."

"Chafya haimezwi."

"Boban."

"Haya, nimenyamaza."

Kipindi kikaanza. Hatukujua ni dakika gani watasema wekeni kanda, hivyo tulikuwa tumenyamaza tangu mwanzo, tukizungumza kwa mikono. Muziki ukapiga, mtangazaji akasoma barua za wasikilizaji, muziki tena. Kichwa kikaanza kuniuma. Kwanza kidogo, juu ya macho, baadaye kikawa kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari. Nikamwonyesha Rade kwa kidole. Yeye naye alikuwa anajisugua paji la uso. Akachukua penseli akaandika pembeni mwa gazeti: promaja. Akainuka kwa vidole vya miguu, akalibana zulia zaidi chini ya mlango, akavuta blanketi la dirishani likae sawa. Kisha akavua kofia yake mwenyewe akamvalisha Boban, akaishusha vizuri ifunike masikio.

Najua hapo ndipo msomaji anataka kuingia mle ndani na kumshika mkono. Mimi nimeingia mara nyingi.

Boban alikuwa amejilaza. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ya mtoto aliyetoka kuteleza kwenye theluji. Rade akamwinulia dole gumba. Boban akainua lake, polepole, likakaa hewani kidogo, mkono ukashuka. Akafumba macho. Rade akanigeukia akatabasamu. Nilimwelewa bila neno: amelala, leo hatacheka, tumepona.

"Haya jamani, wekeni kanda," mtangazaji akasema.

Rade akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na nyigu wakaanza. Mimi wakati huo nilikuwa sijisikii miguu. Tumbo lilikuwa linapanda. Kutapika sakafuni kwa mama yangu, siku alipotoka kuipiga deki, ni jambo ambalo sikuweza hata kulifikiria, kwa hiyo nikainuka. Rade akatikisa kichwa. Akaunganisha viganja akaniomba, machozi yanamlenga, hawezi kusema neno kwa sababu ya kipaza sauti. Nikalivuta zulia, nikafungua mlango, nikapita ukumbini nikishika ukuta, nikatoka nje. Kwenye ngazi nikaanguka kifudifudi kwenye theluji.

Mbwa wetu aliniona kutoka kwa Desa akabweka kama kichaa. Desa akatoka kumgombeza, ndipo akaniona.

"Vida? We mtoto, umekunywa pombe ya baba yako?" Akanigeuza. "Fungua mdomo ninuse. Na kaka yako yuko wapi? Leo nitamkata masikio."

Aliingia ndani kwenda kumkata masikio Rade. Rade alikuwa ameanguka kwenye kizingiti cha mlango akinifuata, au akiufunga, hata yeye hajui. Desa ilibidi amburute yeye kwanza, hakuna njia ya kupita, na Rade alikuwa mkubwa kuliko yeye. Kisha akarudi akiwa amejiziba pua kwa aproni. Alitoka na Boban kifuani, kofia imemshuka hadi puani, na alikuwa anasema, "Huyu hana neno, huyu amelala tu, angalieni rangi yake." Akamsugua theluji usoni. Akamsugua tena. Akaendelea kumsugua mpaka watu walipokuja wakamshika mikono.

Hospitalini walituweka chumba kimoja, mimi na Rade. Alipozinduka, kabla hajafungua macho vizuri, aliniuliza:

"Imeingia yote?"

Nikageukia ukuta. Akauliza tena. Ndipo baba aliyekuwa amesimama karibu na dirisha akaanza kulia.

Kwetu maiti hukaa nyumbani usiku mmoja, na dirisha la chumba hicho huachwa wazi. Wanawake walikaa kando ya kuta, wote wakisema jambo lile lile: jinsi alivyo na rangi nzuri, kama yu hai, mashavu kama tufaha. Hawakujua kwamba ndiyo rangi ya sumu yenyewe. Daktari alikuwa amemwambia mama. Naye mama alikaa anayasikiliza hayo moja baada ya jingine na kuwashukuru. Halafu mzee Kosara, shangazi wa baba, mwanamke mwema ambaye hakuwahi kumkosea mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani lifungeni kidogo hilo dirisha, kuna watoto wamekaa kwenye promaja."

Mtu akainuka akalifunga.

Mama hakupiga kelele. Alitembea hadi dirishani, akakunja mkono, akakipiga kioo kwa kiwiko. Kikavunjika. Akapiga na cha pili. Damu ilimchuruzika hadi kwenye vidole na theluji ikaanza kuingia juu ya mapaja ya watu.

"Haya," akasema. "Pumueni."

Akarudi akaketi mahali pake.

Baada ya hapo nyumba yetu haikupona, ingawa hakuna aliyehama. Usiku tuliwasikia baba na mama. Baba alisema ni dirisha la mama, mama alisema ni jiko la baba, kila mmoja akimrushia mwenzake kosa. Rade alikuwa anayasikia yote kupitia ukutani na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlaumu mbele yake. Nadhani angependa walau mara moja apigwe. Kompyuta baba aliifungua tena vipande vipande na kuvipeleka sijui wapi. Rade hakugusa nyingine hadi leo, hata simu yake ni ile ya vitufe. Yule mtoto wa mwalimu sasa ni mhandisi huko ng'ambo. Rade aliacha shule mwaka uliofuata akajifunza kusafisha mabomba ya moshi.

Watu wa kwetu wanaamini msafisha bomba analeta bahati. Wakimwona njiani na ngazi yake, mweusi kwa masizi, wanashika kifungo cha nguo na kuomba jambo. Wanafanya hivyo kwa Rade pia, wanacheka, wanamwita, "Bwana bahati, pita huku." Yeye huinamisha kichwa na kupita.

Mama mwenzangu, mimi sikuandika haya ili uitupe kompyuta ya mwanao. Kompyuta haikuua mtu, na redio haikuua mtu. Nakuambia kuhusu kimya. Tunapenda mtoto aliyetulia. Tukisikia makelele tunakimbia, tukisikia kimya tunamimina kahawa. Mimi nina mtoto wa kiume, Luka, na siku hizi michezo haipigi kelele hata kidogo, inaingia moja kwa moja masikioni mwao. Naweza kukaa mchana mzima nyumba ikiwa imejaa vijana na nisisikie hata kiti.

Majira ya baridi yaliyopita Rade alipita kwangu baada ya kumaliza bomba la jirani. Nikamwekea kahawa. Akanywa funda moja, akatega kichwa.

"Luka yuko wapi?"

"Chumbani, na wenzake. Wanacheza."

"Mbona kimya?"

"Wamevaa vile vya masikioni. Kunywa kahawa, Rade, itapoa."

Lakini alikuwa ameshainuka. Akapita na buti zake juu ya zulia langu jeupe, akafungua mlango bila kubisha. Vijana watatu wakageuka, wamekaa sakafuni, dirisha limefungwa, jiko dogo linawaka pembeni.

"Semeni majina yenu," Rade akasema.

Wakaangaliana. "Mjomba, si unatujua," Luka akasema, akicheka.

"Yasemeni."

"Luka."

"Vuk," akasema wa pili, akashika kifungo cha shati kwa utani, kisha akakiachia alipoona uso wa Rade.

Wa tatu alikuwa na mdomo umejaa mkate. Rade alisimama pale mlangoni, masizi yanamdondoka, akamsubiri ameze aseme lake.